Mgeni wa Pilau Kwenye Magofu ya Watawa

Ukitaka kucheka, cheka, lakini ukimaliza nisikilize, maana haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Toronto.

Mashariki ya jiji, ukielekea Pickering, kuna bustani yenye magofu ya monasteri. Si ya hapa. Tajiri mmoja wa zamani aliyanunua Ulaya, watawa wake wakiwa wamekufa mamia ya miaka, akayaleta kwa meli na kuyasimamisha tena kwenye nyasi: kuta mbili, nguzo kadhaa, na tao moja la mlango usioingia popote. Watu huenda kupiga picha za harusi. Sisi tulikwenda kutembea tu, miaka ya 2010 mwanzoni: mimi, binti yangu Stella aliyekuwa na miaka tisa, na jirani yetu wa ghorofani St. James Town, Mama Kevin, Mkenya asiyekosa neno.

Tulitandika khanga kando ya ukuta, nikafungua hotpoti ya pilau. Sasa, sisi unatujua. Mtu akikukuta unakula, mdomo unajisemea wenyewe: karibu. Unajua fika atajibu asante, endeleeni, apite zake. Akatokea mzee wa Kizungu, kanzu ya kahawia, miguu mitupu na baridi ile ya Mei. Nikamwambia, "Karibu chakula." Kwa Kiswahili, kwa mazoea tu.

"Asante, mama. Nimekaribia," akasema, akakaa.

Mama Kevin akaninong'oneza, "Huyu ni fatha amestaafu. Hawa wa misheni wanaongea Kiswahili kutushinda."

Nami ndivyo nilivyodhani. Nimekulia Morogoro, nani kule hajamjua padri Mzungu wa namna hiyo? Nikampakulia, nikajaza sahani. Akala kwa mkono, taratibu. Alipomaliza akamgeukia Stella: "Nimekula kwenu. Nawe karibu kwangu."

Niamini, mwanangu alikuwa anaelewa Kiswahili lakini hajapata kunijibu nacho hata siku moja. Watoto wa huku unawajua. Siku ile akainamisha kichwa, akasema, "Asante, Padri. Nitakuja." Na mimi mjinga nikaona fahari. Nikampigia na makofi.

Mzee akainuka, akapita kwenye lile tao. Upande wa pili hakutokea. Pale ni nyasi tupu, kila mtu anaona. Nikaokota sahani yake: pilau ilikuwa imejaa vile vile nilivyoipakua. Nikaonja. Haikuwa na chumvi, haikuwa na harufu, haikuwa na kitu. Mama Kevin hakungoja hata kukunja khanga.

Jioni nikamwekea Stella ndizi nyama, anazozipenda kufa. Akasukuma sahani kwa adabu. "Nimeshakula, mama." Kesho yake hivyo hivyo, na wiki nzima. Madaktari wakasema damu nzuri, uzito mzuri, wakanitazama mimi kama ndiye mgonjwa. Nikamleta padri wa kweli, akabariki nyumba chumba kwa chumba. Stella akaitikia sala zote, halafu akakataa hata biskuti. Amekua mrefu, mashavu yamejaa, mwaka huu anaingia chuo. Tangu siku ile hajala tonge la mkono wangu. Kuna kinachomuuma mama kuliko hicho? Mimi sikijui. Napika, napakua, namwaga.

Kwa hiyo wewe unayebeba chakula kwenda matembezini, ukikaa penye kuta za watu wa kale, mtu akija, inamia sahani yako. Aseme una roho mbaya. Bora hivyo.

Jumapili Stella alikaa nami mezani, akanitazama kwa huruma nikila, akasema mwenyeji wake anauliza mbona mama haji. Nilimwambia anyamaze. Lakini nimechoka kula peke yangu, na akiniuliza tena, sijui kama nitakataa.