Kunawa kwa Mdomo

Mwaka wa kwanza wa digrii ya uuguzi tulisoma mwili wote bila kumgusa mtu: mifupa, damu, saikolojia, hata namna ya kuandika utafiti. Wa pili tukapelekwa chumba cha mazoezi, tukakabidhiwa mgonjwa wa plastiki mwenye mkono mmoja. Tulimwita Mzee.

Sheria ya mtihani ilikuwa moja: usichokitamka hukukifanya, alama huna. Na bomba la chumba kile lilikauka kabla sijajiunga. Basi tukawa tunanawa kwa mdomo. "Nanawa mikono, nasugua katikati ya vidole, nafunga bomba kwa kiwiko." Mikono mikavu! Halafu: "Mzee, naomba ruhusa nisafishe kidonda chako." Angeruhusu vipi, wallahi? Nikawa namjibia mwenyewe kwa sauti nzito, "Kale, nesi," yaani sawa, na alama zote napata. Mama yangu alinisikia nikifanya mazoezi na mto wa kitanda, akaniombea dua.

Kisha wodini. Mtihani wa kidonda, ukianguka unarudia mwaka mzima na wenzako wanakwenda zao. Mgonjwa wangu alikuwa mama mmoja wa Katwe, mtengeneza masufuria, aliyechanwa muundi na bati. Mwalimu akasimama nyuma yangu na kalamu yake.

"Nanawa mikono," nikaanza, nikasugua hewa.

"Nesi," akasema yule mama, "maji iko nyuma yako."

Kweli, bomba lilikuwepo, na maji tele. Nikanawa, nikarudi. "Naomba ruhusa nisafishe kidonda chako." Kabla hajafumbua mdomo, sauti nzito ikanitoka: "Kale, nesi."

Akavuta mguu. "Nani amekubali? Mimi bado kusema kitu!"

Mwalimu akakohoa. Mgonjwa akikataa, mtihani umekwisha, hilo kila mtu alilijua. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba tena, safari hii nikauma ulimi. Akanitazama, akautazama mguu, akanyamaza. Nami nikanyamaza, jambo lisilo na alama popote.

"Fanya," akasema mwishowe. "Lakini inauma, bambi, nihurumie. Inauma sana."

Mzee hakuwahi kuniambia inauma. Nilibaki na koleo mkononi, sijui hatua inayofuata. Nikaliweka chini, nikamshika mkono mpaka akapumua vizuri, kisha nikaenda kunawa upya.

"Kunawa kwa pili hukukutamka," mwalimu akasema nilipomaliza kufunga kidonda. Akaninyima alama hiyo, akanipitisha.