Mwenye Gari Habebwi

Kila nilipofungua biashara mpya, rafiki zangu wa Gisenyi walisema nimeanza tena wazimu wangu, na mara nyingi walisema kweli. Ya kwanza ilikuwa chumba cha intaneti karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, ambapo watu waliosubiri kuvuka kwenda Goma walikaa kusoma barua pepe za ndugu zao. Simu za kisasa zikaja, chumba kikafa. Nikaanzisha huduma ya kuwatumia akina mama wauza samaki bei za soko kwa ujumbe wa simu. Wao wakaona kupigiana simu na kuulizana ni rahisi zaidi, tena mtu anapata na umbea humo humo. Hiyo nayo nikaizika. Halafu nikaingia kwenye mashine za oksijeni, na hapo ndipo nilipotulia.

Mashine hizo hutengenezwa katika nchi ambazo vumbi lake lina adabu. Vumbi letu la mawe ya volkano liliziba vichujio vyake, na vituo vya afya vikawa vinazisukuma kwenye kona na kuzifunika shuka. Mimi na mafundi wangu tulibuni kichujio kinacholiweza vumbi hilo, tukaanza kuzifufua, moja baada ya nyingine. Nikawa mtu wa kualikwa kwenye mikutano na kukalishwa mbele.

Mke wangu alifariki katika miaka hiyo hiyo ya kukalishwa mbele. Watoto wanaishi ng'ambo. Hupiga simu ya video Jumapili, na huku tukizungumza naona macho yao yakihamia kwenye kitu kingine chumbani mwao. Nyumba ya mjini ikanishinda kwa ukimya, nikajenga nyingine huko Kanzenze, katikati ya mashamba ya viazi. Kwa watu nilisema nafuata hewa safi. Nilichokuwa nafuata ni majirani.

Kanzenze, kama kwenye milima mingine ya kwetu, kaya huungana katika kikundi cha ingobyi. Ingobyi ni kitanda cha kusuka, kimefungwa kwenye miti miwili. Mtu akizidiwa, wanaume huja, humlaza humo na kumpeleka hospitali mabegani. Wanabadilishana njiani bila kusimama. Wanawake hufuata nyuma na uji, nguo na maneno ya kumtia moyo. Wakifika hawaondoki, hukaa kwenye majani mpaka muuguzi atoke aseme neno. Mara ya kwanza nilipoona msafara ule ukipita mbele ya geti langu, nilimwonea wivu mgonjwa. Sioni aibu kulisema.

Nikaenda kwa mkuu wa kikundi kuomba kuingia. Ni mkulima wa viazi wa rika langu, aliyeuza mzigo Goma miaka mingi, na tukiwa wawili hupenda kunisemesha Kiswahili cha huko ili anicheke mimi niliyekulia Tanzania.

"Mzee, na hicho Kiswahili yako ya radio," alisema, "we uko na voiture. Sisi tutakubeba wapi?"

"Basi mimi niwabebe wengine."

"Bon. Tutaona."

Siku moja nilijaribu kweli. Niliweka bega chini ya mti wa ingobyi, tukateremka hatua chache, mtu akanigusa mgongoni na kuuchukua mti kwa upole. Kijana yeyote angeachwa aumie bega na kuchekwa. Mimi walinipumzisha. Nilimaliza safari nikitembea nyuma ya wanawake, mikono mitupu, na hakuna aliyenipa hata sufuria niishike.

Sasa, mimi nikitaka kupendwa huwa natengeneza mashine. Ndiyo tabia yangu. Karakana yangu iliunda machela yenye gurudumu la pikipiki na springi, ambayo watu wawili wanaisukuma hata kwenye njia ya mawe. Niliikabidhi baada ya umuganda, kazi yetu ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walipiga makofi, mkuu akasema maneno mazuri, na wajawazito walianza kufika kituo cha afya mapema zaidi. Kifaa ni kizuri, na hata leo najivunia. Ila wasukumaji wakiwa wawili, mlima mzima hauna sababu ya kutoka nyumbani. Msafara ule niliouonea wivu ukawa haupiti tena.

Kisha kifua changu kikakamatwa. Kilianza kama mafua, na alasiri moja nikajikuta nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikitafuta pumzi kama mtu aliyepandisha gunia. Nilikuwa na mashine nyumbani, ile niliyoileta kuifanyia majaribio. Nikaiwasha, nikajivika mrija puani, nikaweka kipimo kidoleni. Kazi yangu ni kujua kipimo kile kinasema nini, na kilikuwa kinaniambia niende hospitali.

Ningeweza kuita gari la wagonjwa. Nilimpigia mkuu wa kikundi.

"Voiture iko na panne?" aliuliza.

"Gari ni zima."

"Donc shida iko nini?"

"Kifua. Siwezi kuendesha." Nikavuta pumzi. "Naomba mje mnibebe."

"Usitembee," alisema. " Mi nakuya sasa hivi."

Nikakaa nikingoja. Naapa nilisahau kuumwa. Nilinyoosha shati langu vizuri, nikafungua mlango wazi, nikawa nasikiliza njia kama zitasikika sauti za watu wengi.

Alikuja na mtu mmoja, dereva wa lori la viazi.

"Nimekuletea chauffeur," alisema, na uso wake ulijaa furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana. "Huyu anajua hii barabara muzuri sana. Tungekubeba, ungechelewa."

Alikuwa sahihi kabisa. Alinishika mkono, akaniingiza kwenye gari langu, akaniwekea mto mgongoni na mtungi wangu mdogo wa oksijeni wa akiba miguuni. Alifunga mlango polepole usinishtue. Kisha akabaki getini akipunga mkono, na sisi tukaondoka. Tulifika mjini upesi mno. Nililia njiani, na dereva akadhani ni maumivu, akaongeza mwendo.

Hospitalini walinilaza na kuniunganisha na mashine yenye jina la kampuni yangu ubavuni. Dereva aliaga, lori lake lilikuwa linangoja mzigo. Muuguzi akaniuliza murwaza wangu ni nani, yaani yule anayekaa na mgonjwa, anayemletea chakula na kumfulia. Nikamwambia yuko njiani. Aliuliza tena asubuhi, nikajibu vilevile. Siku ya tatu akaacha kuuliza. Mwanamke aliyemuuguza mumewe kitanda cha pili alikuwa akinimiminia uji kwenye kikombe chake.

Nilipona. Huku kwetu, aliyebebwa akipona hupika ikigage, pombe ya mtama, na kuwaita waliombeba. Mimi nilimlipa mama mmoja anipikie, nikaalika mlima mzima. Dereva wa lori alikuja, akanywa kikombe, akasema ana safari. Wengine walipita getini, wakanipa pole na pongezi, wakaendelea na njia. Jioni mkuu wa kikundi akaja, akaketi, nikamjazia. Kikombe hakukigusa.

"Hii ni ya wenye walibeba," alisema. "Mi sikukubeba, mzee. Nikikunywa itakuwa ni wizi."

"Sasa nifanye nini ili mnibebe? Niuze gari?"

Alicheka, halafu akaona kwamba mimi sicheki. Akanitazama muda, na nadhani siku ile ndipo alipoelewa nilichokuwa nimemwomba kwenye simu. Akasogeza kiti, akaniwekea mkono gotini.

"Usiogope," alisema. "Siku utakufa tutakuya wote. Kule makaburini, njia ni kidogo, gari haiwezi kuingia."

Alilisema kwa upole, kwa moyo wake wote, akitaka nilale vizuri. Nikamshukuru, na nilimshukuru kweli.