Kufungua Kupi?

Pancha alikuwa mwanamke wa hasira za karibu, na hilo hakumficha mtu. Ukimpelekea baiskeli yenye mnyororo mkavu, atakusema kwanza, mafuta baadaye. Jina alipewa na wateja wa kibanda chake cha ufundi, kilichosimama pale lami inapoishia na barabara ya changarawe inapoanzia. Alilipokea bila kinyongo, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango.

Mbele ya kibanda zilisimama nguzo mbili za zege, na kila kitu katika maisha yake kilitegemea nguzo hizo. Zamani magari yalipita humo. Daraja la mawe lilipopata ufa, wakubwa wakasimika nguzo huku na kule, wakaenda zao, wakaisahau barabara. Baiskeli inapenya katikati, gari halipenyi. Basi barabara nzima ikabaki ya baiskeli, ya waenda kwa miguu, na ya mbuzi wasio na adabu. Inapanda kilima, inashuka, inapanda kingine. Inapita chini ya ngome kuukuu iliyobakiwa na ukuta mmoja na mizinga yenye kutu, inavuka lile daraja la matao, kisha inazunguka magofu ya mahakama ambamo siku hizi majaji ni popo. Mwisho wa juma wageni walikuja kwa makundi kuendesha huko, na Pancha akawaongoza, akiwasimulia historia kwa sauti ya kugomba kana kwamba wao ndio walioibomoa ngome.

Nyuma kabisa ya kundi alikuwa mdogo wake wa kike, Upepo, aliyeitwa hivyo kwa namna anavyoshuka vilima. Upepo hasikii tangu utotoni. Homa ilimwondolea masikio yote mawili. Kazi yake ilikuwa kufunga msafara, asiachwe mtu nyuma na tairi bapa. Kwenye lami aliwahi kujaribu, basi likampangusa bega, akakoma. Kwenye changarawe hakukuwa na kitu cha kumjia kisogoni. Huko tu ndiko alikoendesha bila kugeuka geuka, na ndiko alikopatia riziki yake. Kwingine kote alikuwa mtu wa kushikwa mkono kuvushwa barabara, na hakuna kitu alichokichukia kama hicho.

Sasa ingia shemeji, mume wa dada yao mkubwa. Karani wa halmashauri, mtu wa tabasamu la kudumu, mwenye maneno laini yanayoteleza kama sabuni bafuni. Kwa muda mrefu watu wa baiskeli walikuwa wakiiomba halmashauri iitambue barabara yao: iwekewe kibao, iingizwe kwenye ramani, mkubwa mmoja aje akate utepe. Shemeji akawa anawaambia subirini, linashughulikiwa. Hatimaye akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Akazungumza sana, akasifu sana, akawavika watu vilemba vya ukoka mpaka vikawafunika macho. Kisha akauliza nani anakubali barabara yetu ifunguliwe rasmi.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Pancha.

Upepo alikuwa ameketi ubavuni pake. Alikuwa amelisoma lile neno midomoni mwa shemeji, lakini katika lugha ya alama hakuna kufungua kumoja. Kufungua kwa utepe ni vidole viwili vinavyokata kama mkasi. Kufungua kwa lango ni viganja viwili vinavyoachana. Alimvuta dada yake shati, akamwonyesha yote mawili, akakunja uso: kupi? Pancha hakuwa na muda. Alikuwa akigeuka huku na huku, akiwatolea macho wavivu wa kunyoosha mikono. Akampa Upepo mkasi upesi upesi, na alipoona bado anasitasita, akamshika kifundo cha mkono akaunyanyua mwenyewe.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Pancha alifika kibandani akakuta vibarua wanazipiga nguzo kwa nyundo. Akawauliza wanafanya nini, wakamwambia wanafungua barabara. Daraja limetiwa vyuma, machimbo ya kokoto kule mwisho wa vilima yanataka njia ya mkato, malori yanaanza wiki hiyo hiyo. Mmoja wao, kijana mwenye vumbi hadi kwenye kope, akamwambia kwa upole kwamba walivyosikia ni wananchi wenyewe waliopiga kura.

Damu ilimchemka. Aliendesha hadi ofisini kwa shemeji bila kufunga kibanda, akaingia bila kubisha. Shemeji alimkaribisha kiti. Pancha akakikataa.

"Shemeji, mbona hasira?" akasema yule bwana. "Nilisema ifunguliwe. Barabara iliyofungiwa magari ikifunguliwa, inafunguliwa kwa nani?"

"Ulijua tulivyoelewa."

"Mimi sikumzuia mtu kuuliza."

Pancha akamtukana. Alimtukana kwa ufasaha, makarani wa vyumba vya jirani wakaacha kazi wasikilize, na kusema kweli hakuna tusi hata moja lililokosea mlango. Shemeji alitabasamu tu. Njiani kurudi Pancha aliendelea kumtukana kila mtu: halmashauri, machimbo, fundi aliyetia daraja vyuma, umati mzima wa wapiga makofi wasiojua maana ya neno. Lakini yale maneno ya mwisho ya shemeji yalimkaa kooni, hayapandi hayashuki. Kuna mtu aliyeuliza.

Upepo alikuwa kibandani, amesimama kati ya vifusi vya zege. Hakulia. Alimtazama dada yake anashuka kwenye baiskeli, akamwonyesha viganja viwili vikiachana, taratibu, ili asikosee kuona. Kisha akamshika Pancha kifundo cha mkono, akaunyanyua mkono ule juu, akauachia uanguke.

 Hasira yote ya Pancha iliyokuwa imetapakaa mjini ilirudi ikakaa mahali pamoja, kifuani mwake. Usiku ule walilala bila kupeana hata ishara ya kulala salama.

Siku malori yalipoanza, Upepo alichukua baiskeli yake akatoka kama kawaida. Pancha alikuwa ameinamia gurudumu la mteja na hakumwona. Alichosikia ni honi, ndefu, kutoka upande wa ngome. Akasikiliza. Honi haikukoma. Gurudumu likamdondoka, akarukia baiskeli.

Aliikuta picha ambayo alikuwa ameiogopa: Upepo katikati ya barabara anashuka kilima, mabega yametulia, na nyuma yake lori tupu linanguruma na kupiga honi. Pancha alipita pembeni kwenye nyasi, akalipita lori, akampita mdogo wake, akaitupa baiskeli yake kukingama barabara. Upepo akafunga breki. Alipouona uso wa dada yake, aligeuka nyuma, akaliona bampa la lori limesimama karibu naye mno.

"Lilikuwa linapiga honi?" akauliza kwa mikono.

"Tangu ngomeni," Pancha akamjibu vivyo hivyo.

Upepo alitazama lori, akatazama barabara iliyobaki mbele. Kisha akailaza baiskeli yake pia, kando ya ile ya dada yake.

Dereva alishuka akiwa amepauka. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani yule mwanamke aliyekuwa akishuka mbele yake anamdharau. Akaiacha injini ikinguruma, akapiga simu. Hatimaye shemeji akafika na gari la ofisi, viatu vyake vikalalamika kwenye changarawe. Hakumtazama Upepo. Alimwambia Pancha amwambie mdogo wake apishe, watu wako kazini.

"Simtafsirii mtu leo," Pancha akasema. "Mwambie mwenyewe."

"Shemeji, acha utoto. Atanielewa vipi?"

"Umeingia kwetu Upepo hajaota meno ya ukubwani. Umekula mezani naye miaka yote hiyo. Mwambie. Anakusubiri."

Na kweli alikuwa anasubiri. Alisimama mbele ya shemeji yake kwa adabu, akimtazama mikono. Shemeji akapapasa mfuko kutafuta kalamu. Upepo akatikisa kichwa. Shemeji akafungua mdomo, Upepo akamnyooshea kidole mikononi. Basi yule bwana, mbele ya dereva na mbele ya wapita njia waliokuwa wameanza kukusanyika, akainua mikono yake hadi kifuani. Ikakaa hapo, imetanda, haina neno hata moja. Tabasamu likamtoka. Akaishusha.

Dereva alimtazama, akawatazama wale dada wawili. Akapanda lori, akazima injini.

Upepo alichuchumaa akaweka kiganja chake juu ya changarawe, akitafuta mtetemo wa injini. Akakaa hivyo kidogo, kisha akamwinulia Pancha uso, akatikisa kichwa kukubali: limenyamaza.