Matofali ya Makapi ya Wimbi

Kila nikinusa makapi ya wimbi yaliyolowa, namwona mama akikanyaga udongo uani. Mvua ilikuwa imeangusha jiko letu, na matofali yake ya kwanza yalipasuka yote juani. Safari hii alichanganya udongo na makapi, tukakanyaga pamoja hadi miguu ikaniwasha.

Shangazi, dada ya baba, alipita akitoka sokoni Keumbu. "Wifi, si umngoje kaka arudi kutoka Kericho?"

"Akirudi atakuta jiko," mama alijibu bila kusimama.

Matofali yalipokauka, shangazi alikuja tena, akatukuta tukikanyaga udongo mwingine. Mama alipanda juu ya tofali moja, akaruka mara tatu. Halikupasuka. Shangazi alitua kikapu, akavua viatu, akaingia matopeni.