Kadi Ndani ya Ukili

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kijiji chetu karibu na Kiranjeranje kiliingiwa na wazimu wa kusoma. Kisomo cha watu wazima kilikuwa alasiri, na aliyewapita wote ni mama wa mchumba wangu. Alisoma kila kilichoandikwa: karatasi za sabuni, magunia ya korosho, ubavu wa lori, tena kwa sauti, jirani wote wasikie. Nilimpenda, ila nilimwogopa.

Sababu ninayo. Utotoni nilitibiwa ukoma nikapona, na kijijini waliojua ni mama yangu na muuguzi wa zahanati tu. Posa ilikuwa imekwisha pokewa. Neno lile likitoka, mama gani angekubali nimpikie mwanawe?

Kisha nikalazwa Lindi kwa kidonda cha mguu kilichokataa kufunga. Daktari nilimweleza ukweli. Akasema hawezi kuchagua dawa bila kuiona kadi yangu ya zamani, akaagiza iletwe kutoka zahanati. Kwetu anayesafiri hubeba vya wote, unga wa huyu na mkeka wa yule. Nikawa naomba safari hiyo aje mtu yeyote asiyejua kusoma.

Akaja mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mguu waonaje?"

Nilikuwa natazama mikono yake. Alitoa kikapuni kipande cha ukili, ule msuko wa ukindu tunaoshonea mikeka. Alikuwa amekikunja na kukishona pande zote, kikawa kimfuko kisicho na mdomo.

"Muuguzi hana bahasha, kanipa kadi yako hivihivi," akasema. "Nikajua upepo wa garini utaifunua. Na macho yangu unayajua, yakiona herufi hayatulii. Nikaishona palepale nilipokuwa nangoja gari. Nimekusitiri wewe, na mimi nimejisitiri."

Daktari akatafuta mkasi. Mishono ilikuwa midogo na imekazwa, hata mkasi ulihangaika. Alipoanza kukata, mama akainuka akatoka nje bila kuambiwa, yeye ambaye alipoingia tu wodini alisoma kwa sauti tangazo la kutotema mate. Nilistaajabu mpaka machozi yakanitoka. Nimeona mengi tangu siku hiyo, lakini kubwa kama lile bado.

Aliporudi nilimwambia mwenyewe, neno lenyewe, bila kuzunguka. Akanifunika mguu kwa kanga yake.

"Ulipona?"

"Nilipona zamani, mama."

"Alhamdulillahi. Basi kula muhogo niliokununulia hapo nje, unapoa."

Jioni aliondoka na kile kipande kilichokatwa, nami sikuuliza cha nini. Nilikiona tena katikati ya mkeka wa harusi yangu, kimeshonwa upya kwa mishono ileile midogo.