Miguu Ukutani

Watu wengi hawakulijua jina lake. Alikuwa Mama Sindano basi, kwa sababu hata siku ya harusi ya mwanawe alichomeka sindano yenye uzi mweupe kwenye ukosi wa gauni lake, maana nguo hazina siku ya kuchanikia. Alishona mashuka, mapazia na sare za wauguzi katika chumba cha cherehani cha hospitali tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Kazi hiyo ilimwachia mgongo uliopinda kama kulabu na ulimi mkali kama mkasi. Mgongo ulimsumbua yeye, ulimi uliwasumbua wengine.

Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa lifti. Alipoona mama yake hawezi tena kuinua ndoo ya maji, alimfuata na kumhamishia nyumbani kwake, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa zamani.

"Fundi wa lifti, na mama yako anapanda ngazi!" alisema Mama Sindano akihema, mkono kiunoni, walipofika ghorofa ya pili. "Ama kweli mganga hajigangi."

"Hii lifti ni ya kampuni nyingine, Mama. Nikiigusa nafukuzwa kazi."

"Basi nibebe."

Akambeba. Walifika juu wote wawili wakicheka, na mkwe wake akawapokea mlangoni kwa furaha. Mkwe huyo alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, anayefanya kazi kwenye duka la miwani. Kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni ni kwamba kila siku kabla ya kwenda kazini, mkwe hufanya yoga sebuleni.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, Mama Sindano alipotoka chumbani kutafuta birika, alimkuta mkwe wake sakafuni, amelala chali, mikono kando, viganja juu, macho yamefumbwa.

"Mwanangu?" Kimya. "Wewe! Mkwe wangu!" Kimya. Hakuziona zile waya za simu masikioni, zilikuwa zimefunikwa na nywele.

Akafungua mlango akapaza sauti kwenye korido. "Jamani, njooni! Mkwe wangu amekufa! Hata siku moja sijamaliza!"

Aliyekuja mbio ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene anayefundisha watu kuendesha gari, ambaye jengo zima lilimwita Breki. Alikuja na mswaki mdomoni. Akainama juu ya marehemu, na hapo hapo marehemu akafumbua macho. Alipoona wanawake wawili wamemwinamia, mmoja akitokwa na povu mdomoni, alipiga ukelele ulioshinda kelele zao zote. Mume naye akatoka bafuni na taulo, sabuni bado kichwani.

"Ni yoga, Mama," mkwe alisema alipopata pumzi. "Tukimaliza mazoezi tunalala hivi, tunapumzika."

"Mnapumzika? Si ndiyo kwanza umeamka?"

Breki alicheka mpaka ikabidi akae chini.

Hadithi ile ilimnogea Mama Sindano. Aliisimulia kwenye ngazi, sokoni na kwa mlinzi wa jengo. "Kwetu tuna maiti," alikuwa akisema. "Kila asubuhi anakufa, anafufuka, anakunywa chai, anakwenda kazini." Watu walicheka, naye mkwe alitabasamu kwa midomo tu, macho hayamo.

Jikoni nako hakukukosa maneno. Mama Sindano alifungua friji, akatoa pakiti ya nyanya na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyanya gani hizi? Zimepauka kama shuka la wodini."

"Ni za dukani, Mama. Zipo mwaka mzima."

"Hata mimi nipo mwaka mzima, mwanangu, lakini nina siku zangu. Huu si msimu wa nyanya. Hizi zimelazimishwa, na cha kulazimishwa hakina utamu."

Kesho yake alishuka ngazi zote mwenyewe, akarudi na boga kubwa kama kichwa cha ng'ombe na mafungu ya mboga yaliyokuwa bado na umande. Alipika supu ya boga nzito, yenye tangawizi na kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikawa rangi ya asali. Mkwe alikula sahani mbili, akafuta ya pili kwa mkate. Usiku ule Mama Sindano alikwenda kulala akiimba.

Kilichomshinda kuelewa ni vitabu. Mkwe alikuwa na rafu ya vitabu toka sakafuni hadi dirishani, na kila jioni alijikunja kwenye kochi na kimojawapo.

"Una mtihani?" Mama Sindano alimwuliza.

"Hapana, Mama. Nasoma tu."

"Mtu mzima anasoma tu?" Walikuwa mezani wakati huo, na chakula kilikuwa ndiyo kwanza kimepakuliwa. "Miguu juu asubuhi, vitabu jioni. Muda wote huo mngekuwa mmeshanitafutia mjukuu."

Mwanawe akakohoa. Mkwe akainuka, akachukua sahani yake, akaenda nayo kwenye sinki, akaiosha na chakula chake kingali ndani.

Baada ya hapo nyumba ikaingia ubaridi. Hawakugombana. Mkwe alisalimia kwa heshima zote, alimwuliza kama amelala vizuri, alimwekea chai mezani. Lakini ilikuwa heshima ya kaunta, ile wanayopewa wateja. Mama Sindano alijua amekanyaga kitu, ila hakujua ni kitu gani, na mwanawe alipoulizwa alijibu, "Mwache tu, Mama," akaondoka na boksi lake la vifaa.

Pamoja na hayo, mgongo ukazidi. Maboga si mchezo kwa ngazi za ghorofa nne.

Alasiri moja, alipobaki peke yake, alikumbuka kitu. Alikuwa amemwona mkwe akilala na miguu ameiegemeza ukutani, wima, na akiinuka hapo anakuwa kama mtu aliyetua mzigo. Mama Sindano akatazama huku na huku ingawa hapakuwa na mtu. Akavuta pazia. Akavaa suruali ya mazoezi ya mwanawe, kwa ajili ya stara, akaingia kwenye nafasi nyembamba kati ya kitanda chake na kabati la nguo, akaketi sakafuni, akasogeza makalio mpaka ukutani, akainua mguu mmoja, kisha wa pili.

Lahaula! Mgongo ulishuka sakafuni kidogo kidogo kama kitambaa kinachonyooshwa kwa kiganja. Alifumba macho. Hakuwa amejua kwamba kumbe miaka yote alikuwa amekaza meno.

Raha ile iliendelea mpaka alipotaka kuinuka. Akigeuka kulia, kitanda. Akigeuka kushoto, kabati. Akijaribu kujisukuma nyuma, suruali ya mwanawe ikamsaliti, ikaanza kubaki alipotoka. Akamwita Breki, lakini Breki alikuwa kazini akimfundisha mtu kurudi nyuma. Basi akatulia, akaimba nyimbo zote alizozijua, na alipozimaliza akaanza upya.

Mkwe aliporudi kutoka kazini alifuata sauti mpaka mlangoni pa chumba. Akasimama, mkoba begani.

"Usicheke," alisema Mama Sindano kutoka sakafuni.

"Sicheki, Mama."

"Unacheka."

"Nacheka kidogo. Mgongo unauma?"

"Mgongo hauumi hata chembe, hilo ndilo la ajabu. Kinachouma ni aibu."

Mkwe akaweka mkoba chini, akakisukuma kitanda kwa nyonga mpaka nafasi ikapanuka. Mama Sindano alidhani sasa atapewa mkono ainuke. Badala yake mkwe alivua viatu, akalala kando yake na kuinua miguu yake pia. Nyayo nne zikawa ukutani, mbili zimepakwa rangi kwenye kucha, mbili zimepasuka visigino. Wakatazama dari.

"Nilianza yoga mwaka juzi, Mama," mkwe alisema. "Baada ya mimba kutoka. Zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa imeshaanza kucheza."

Mama Sindano akageuza kichwa, akamtazama.

"Nilimwomba mwanao asikwambie. Sikutaka kuhurumiwa. Nilikuwa silali, sili, najibu wateja kama santuri. Mwalimu mmoja akaniambia, kama huwezi kulala, basi lala chini tu, ufuate pumzi yako inaingia, inatoka. Ndiyo ile unayoniita maiti. Sikasiriki, Mama, najua ni utani. Ila siku nyingine unaniuma."

Machozi ya mtu aliyelala chali hayana adabu, yanaingia masikioni. Mama Sindano aliyapangusa kwa kiganja, upande mmoja, kisha wa pili.

"Mimi na huu mdomo wangu," alisema.

"Hukujua, Mama."

"Sikujua, na sikunyamaza." Akautafuta mkono wa mkwe wake pale sakafuni, akaushika. "Nisamehe, mwanangu. Neno mjukuu hutalisikia tena kwangu. Ukilisikia, nishone mdomo. Uzi upo kwenye droo, chagua rangi."

Mkwe alianza kucheka, naye akacheka, wakacheka mpaka miguu ikateleza ukutani yote minne.

Jioni ile ile Mama Sindano aligonga mlango wa Breki. "Ile hadithi ya maiti, usiirudie tena. Na ukimsikia mtu anairudia, mwambie mwenyewe ameifuta." Akateremka mpaka chini, akamwambia mlinzi vivyo hivyo, akapanda tena ngazi zote. Hakulalamika.

Kuanzia siku iliyofuata, sebuleni kulitandikwa mikeka miwili. Hakuwa mwanafunzi rahisi.

"Vuta pumzi, Mama."

"Nimevuta."

"Umevuta huku unaongea."

"Sasa nitakujibuje?"

Mgongo wa miaka yote ile hauwezi kunyooshwa na msimu mmoja, na haukunyooka. Lakini mvua zilipokuwa zinaisha, aliweza kuinama na kuokota kibobini cha uzi kilichoanguka bila kushika meza, na asubuhi akiamka, jambo la kwanza kuliwaza halikuwa tena maumivu. Lilikuwa sokoni kuna nini.

Sokoni walikwenda pamoja siku za mapumziko ya mkwe. Mama Sindano alimfundisha kwenda bila kuamua atapika nini. "Unamwuliza muuzaji, wiki hii kilichozidi ni nini? Kilichozidi ndicho kilichoiva, na kilichoiva hakitaki kazi." Wakala mahindi mabichi yalipojaa, wakayapukuchua na kuyatia kwenye supu. Nyanya zilipofika msimu wake, nyekundu mpaka kwenye kikonyo, mkwe aliikata moja, akainyunyizia chumvi, akaila akiwa amesimama, kisha akamtazama mama mkwe wake.

"Sikusema?" aliuliza Mama Sindano. Kunyamaza kabisa hajapata kujifunza.

Msimu wa njegere ulileta mapya. Njegere zinataka kumenywa, na kumenya kunachosha, basi mkwe akajitolea kusoma kwa sauti wakati mwenzake anamenya. Kilikuwa kitabu cha hadithi ya mjane anayependwa na tapeli. Mama Sindano alimenya kimya kurasa chache. Tapeli alipoomba funguo za nyumba, bakuli lilisukumwa kando.

"Asimpe! Mwambie asimpe!"

"Mama, yameshaandikwa haya."

"Basi huyo mwandishi alikuwa na haraka gani? Angeuliza kwanza!"

Njegere za siku ile zilipobandikwa jikoni ziliungua chini, nao hawakunusa kitu mpaka Breki alipogonga mlango kuuliza kama kuna usalama. Alikaribishwa. Alikaa, akasikiliza, akabaki mpaka mwisho wa sura, na kesho yake akaja na njegere zake mwenyewe.

Kisha ikafika wiki ya kuhesabu bidhaa kule dukani, mkwe akawa anachelewa kurudi. Mama Sindano hakuweza kungoja. Alikichukua kitabu mwenyewe, lakini herufi ziliogelea kama mbegu kwenye supu. Alikisogeza mbali, akakivuta karibu, akakipeleka dirishani. Mwishowe alikifunga kwa hasira, na mkwe aliporudi alipokelewa na swali: "Hilo duka lenu linauza miwani au linaiangalia tu?"

Alipimwa macho kesho yake. Walipomvisha zile lenzi za kujaribia, alisoma ubao mzima mpaka mstari wa chini kabisa, kisha akauliza kama hakuna ukurasa wa pili.

Sebule nayo ikawa ndogo. Breki alitaka kuijua hiyo yoga, mpiga pasi wa ghorofa ya kwanza akasikia, akamleta dada yake. Wakaomba ufunguo wa juu ya paa, wakawa wanatandika mikeka katikati ya kamba za nguo, wikiendi, jua likiwa bado halijakasirika. Mkwe aliongoza kwa sauti yake ile ya chini, Breki akiwakumbusha wenzake kutazama kioo cha pembeni kabla ya kugeuka. Mama Sindano alikuwa na tabia ya kukagua mapindo ya mashuka yaliyoanikwa kila alipoinua mikono juu. "Mshono wa nani huu?" angeuliza katikati ya utulivu. "Utafumuka kabla ya mwezi kuisha."

Jumapili moja mwanawe aliitwa alfajiri kuwatoa watu waliokwama kwenye lifti. Alirudi saa za chakula, amechoka, tumbo linanguruma. Aliwakuta mke na mama kila mmoja kwenye upande wake wa kochi, kila mmoja na kitabu chake, jiko limepoa.

"Chakula kiko wapi?"

"Kiko sokoni," mama yake alisema bila kuinua macho. "Kabichi zimejaa. Chukua ndogo, zilizokaza."

Mwanaume alimtazama mkewe apate msaada. Mkewe akafungua ukurasa mwingine. Basi akateremka ngazi za ghorofa zote nne, akarudi na kabichi na viazi, akafunga aproni, akaanza kukatakata huku akiuliza maswali ambayo hayakujibiwa. Alipopakua, kabichi ilikuwa na chumvi ya kutosha ukoo mzima. Waliila. Mkwe alisema viazi vimeiva vizuri, na hilo lilikuwa kweli.

Katikati ya chakula Mama Sindano akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika, miwani imeteleza mpaka kwenye ncha ya pua.

"Nini tena, Mama?" mwanawe akauliza.

"Ni huyu mwanamke wa kwenye kitabu. Ngoja. Huwezi kuelewa bila mwanzo." Akasukuma sahani pembeni, akaegemeza viwiko mezani, akakaa sawasawa. "Palikuwa na ndugu wawili waliorithi duka moja la kofia..."

Na kabichi ikapoa.