Majivu Kwenye Kopo la Choo

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kwenye milima ya Uluguru, mgeni kutoka Songea. Nilikuwa na afya. Asubuhi nilifundisha, jioni nililima shamba la kijiji na wenzangu.

Homa ilianza polepole. Nilimeza klorokwini, dawa ya malaria, ikashuka, ikapanda tena. Tumbo likavimba, nikaharisha damu, nikashindwa kusimama. Wanakijiji wakanishusha kwa machela hadi hospitali mjini Morogoro.

Wodini kila mgonjwa alikuwa na ndugu wa kumlisha. Mimi sikuwa na mtu. Saa za kuona wagonjwa niligeukia ukutani, nikajifanya nimelala. Upweke ule uliniuma kuliko tumbo.

Aliyenionea huruma ni Mama Koba, mkulima wa Kinole, aliyemuuguza binti yake kitanda cha jirani.

"Kunywa uji, mwalimu. Usione haya."

Daktari alisema maabara imeanza njia mpya. Badala ya kutazama choo kwa darubini tu, walikipanda kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, wakasubiri viote, kisha wakajaribu dawa ipi inaviua. Mama Koba akalipeleka maabara kopo langu la choo. Majibu yakaja kwamba hakuna kilichoota. Nikaendelea na dawa za malaria, nikaanza kuweweseka.

Siku moja daktari alimuuliza Mama Koba jinsi alivyolipeleka kopo.

"Kwa adabu, baba. Nilinyunyizia majivu, hakikunuka hata kidogo."

"Mama, majivu yameua tulichokuwa tunakitafuta."

Kopo la pili lilikwenda bila majivu. Vikaota. Ilikuwa homa ya matumbo, na dawa yake wakaijua. Nilitengwa katika chumba cha peke yangu hadi nilipopona. Nilipotoka, Mama Koba alikuwa amekwisha kuondoka bila kuniaga.

Nawashukuru Mungu, daktari na watu wa maabara. Nawe ukiombwa choo, kipeleke kama kilivyo. Aibu ilikaribia kuniua.

Nilipopata nguvu nilipanda mlima hadi Kinole. Binti yake akaniambia mama hayupo, nami nilimsikia Mama Koba akikohoa ndani.

"Mama," nikasema mlangoni, "sikuja kukulaumu. Kule wodini sikuwa na mwingine."

Nikakaa kizingitini, nikamsubiri mpaka akafungua.